Kumpelelezea Binti Yangu Chuo

Binti yangu alipokuwa darasa la tatu aliniuliza ni nani aliyeanza kuhesabu siku hadi sisi tukajua kwamba leo ni Jumatatu. Nilikuwa nje ya nyumba yetu hapa Nyasho, naparua sato, mikono inanuka shombo, na ndani kulikuwa na rundo la madaftari ya wanafunzi yananisubiri. Nikamwambia akaoshe vyombo. Akaenda, akaosha, akarudi kusimama palepale.

"Mama, na kama huyo mtu alikosea? Kama alianza Jumanne akadhani ni Jumatatu, si tunakosea wote mpaka leo?"

Nikamwambia tule kwanza. Tulipokuwa tunakula nilijikuta nazihesabu siku kimoyomoyo kurudi nyuma, na sikupata mahali pa kusimama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kazi hii imenionyesha kwamba mtoto mwenye akili na mtoto mwenye maswali si lazima wawe mtoto mmoja. Mwenye akili anakufurahisha: unamuuliza, anajibu, mkaguzi akija unamsimamisha yeye. Mwenye maswali anakuchosha, hasa saa saba mchana darasa limejaa joto na chaki imekuishia. Binti yangu alikuwa na vyote viwili, na shuleni kimoja kilikuwa kinampa zawadi siku ya mahafali, kingine kinampa kupiga magoti nje ya ofisi. Walimu wenzangu walikuwa wananiambia, "Mwanao ni mbishi," kwa sauti ile ya kukupa pole. Nilikuwa nawajibu kwamba amenirithi, tukacheka, yakaisha.

Sikuolewa, na sioni haya kulisema. Baba wa mtoto hakuleta ng'ombe wa mahari nyumbani kwetu, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wetu, na wajomba zake ndio baba zake. Hakuna jambo lake kubwa linaloamuliwa bila kaka zangu. Kaka mkubwa yuko Bunda, analima pamba na kufuga, na ni mzee wa kanisa. Kaka wa pili yuko Butiama, kwenye mji wa marehemu baba yetu, anaishi peke yake. Huyo nitamfikia.

Kidato cha tano na cha sita binti yangu alisoma bweni, nje ya mkoa. Alirudi na daraja la kwanza, na alirudi amenyamaza. Majirani walikuja na soda, kaka mkubwa akapiga simu akaomba kwa sauti mpaka salio likakata, na mimi nilitembea mtaani nimejishika kiuno kama mke wa mbunge. Siku ya pili yake, tukiwa tunachambua dagaa, nikamuuliza ni somo gani lilimfurahisha zaidi.

"Yote tu, mama."

Nikamuuliza kama kulikuwa na mwalimu waliyekuwa wanabishana. Akasema hapana, aligundua mapema kwamba ukiandika wanachotaka unapata alama, basi aliandika wanachotaka. Alilisema bila uchungu wowote, huku anatoa kichwa cha dagaa na kukitupia kuku. Mtoto aliyekuwa anaisumbua Jumatatu sasa alikuwa amejifunza kuiacha ipite.

Sikuogopa kwamba atakosa chuo. Kwa matokeo yale angepata. Nilichoogopa ni kwamba angepata chochote, akaenda, akaandika wanachotaka kwa miaka mingine mitatu, na mwisho wake nirudishiwe mtu mzima mwenye cheti ambaye ndani hamna mtu. Niliogopa hivyo kwa sababu nilidhani tayari tunaye mmoja wa namna hiyo katika familia.

Kaka yangu wa pili ndiye aliyekuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Hesabu alikuwa anazifanya kama mtu anayemenya karanga. Wakati ule wazee walikuwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani ya pamba, msimu baada ya msimu, na wakaamua kwamba ukoo unahitaji mtu wake anayejua hesabu za biashara, atakayekaa mezani na wanunuzi asidanganywe. Wakamtuma akasome uhasibu katika chuo kikubwa cha Dar es Salaam. Walichinja dume siku ya kumuaga. Alirudi kabla ya wakati wake, amekonda, bila shahada, haongei. Baba yetu alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu wamemroga." Kaka mkubwa, ambaye hata wakati ule alikuwa mtu wa kanisa, alipanga maombi mchana na tambiko jioni, ili asimkose Mungu wala mizimu. Mwanangu, nilipomsimulia hili akiwa kidato cha pili, aliuliza ni yupi kati yao aliyetegemewa zaidi. Nilimfukuza jikoni.

Kaka yangu hakupona wala hakuumwa. Alikaa tu. Alilima, alifuga mbuzi, aliitikia salamu. Na tangu hapo ukoo ukaweka sheria: watoto wetu wasome popote, isipokuwa chuo kile. Kaka mkubwa alikuwa anasema, "Vyuo viko vingi. Ile moja hapana. Ile ina mdomo, inakula watoto wa watu."

Basi dirisha la maombi ya vyuo lilipofunguliwa, chuo hicho hatukukitaja hata kwa bahati mbaya. Binti yangu alikaa na simu yangu akifungua kurasa za vyuo vingine moja baada ya nyingine. Kila ukurasa ulikuwa na picha ileile: vijana wamevaa joho, wanacheka, kuna bustani nyuma yao. Kila chuo kilikuwa na mazingira rafiki, walimu waliobobea na mtandao usiokatika. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini siku hizi vyote vinajitembeza, hujui ushike kipi. Nilimuuliza binti ameona kipi. Akasema, "Chagua wewe, mama." Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira zangu huwa zinanikumbusha bibi yangu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mpelelezi. Si wa polisi. Kwetu, kabla binti hajaolewa, au kijana hajaoa, lazima mtu atumwe kwenda kuuchunguza mji ule mwingine: kuna magonjwa gani, kuna ugomvi gani, wanawake wanaongea na waume zao au wanainama tu. Bibi alikuwa anatumwa hata na koo ambazo si zake, kwa sababu alikuwa na macho. Alikuwa anakwenda kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Anaomba maji, anaangalia yanaletwa na nani na kwa uso gani. Mwenye mji hamwulizi kitu, maana mwenye mji atasifu mji wake. Anawauliza majirani, anawauliza waliooa kutoka pale. Na wa mwisho kabisa, hata kama ni safari ya siku nzima, anamtafuta mwanamke aliyewahi kuolewa katika mji ule akaachika akarudi kwao. Alikuwa anasema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata iliyotupwa haina sababu tena ya kuuficha mtungi.

Nikamwambia binti yangu, "Weka simu chini. Chuo ni mji wa watu, na mji hauchunguzwi kwa picha. Tutakwenda kuuliza waliokaa humo."

Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa. "Tutawauliza nini?"

"Hilo ndilo utakalolifikiria wewe."

Alifikiria mpaka kesho yake. Akaja na maswali mawili tu. La kwanza: mlikuwa mnabishana na walimu kuhusu nini? La pili: ni kitabu gani ulisoma ambacho hakuna aliyekuambia ukisome? Nikaona bibi yangu angeyapenda.

Tulianzia Bunda, kwa mama mmoja afisa maendeleo niliyefahamiana naye kwenye mafunzo ya uchaguzi. Alikuwa amesoma chuo kimoja cha Mwanza. Alitupokea vizuri, akatununulia chai na chapati, akasifu chuo chake: hosteli safi, walimu wanakuja kwa wakati, ukimaliza hukosi pa kujishikiza. Binti yangu akauliza swali lake la kwanza. Yule mama akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kubishana na mhadhiri? Mwanangu, unataka sapu?" Kisha akanigeukia mimi na kunieleza kwamba sapu ni mtihani wa kurudia, na kwamba wapo wahadhiri ambao ukiwaletea ujuaji wanakulambisha hiyo sapu. "Pale ulikuwa unatulia, unachukua karatasi yako, unaondoka. Mimi nilitulia, na unaniona."

Nilimwona. Ni mtu mwema, ana ofisi, ana watoto wawili wanaosoma. Sikuwa na neno baya juu yake wala juu ya chuo chake. Lakini nilimtazama binti yangu akiitikia kwa kichwa kwa adabu, namna ile aliyojifunza bweni, nikajua hapa siyo.

Kutoka Bunda tulikwenda Nyamuswa, kwa mwalimu wa sekondari aliyesoma chuo kidogo huko nyanda za juu kusini. Tulimkuta siku ya mnada, ng'ombe wanapita barabarani na vumbi limekaa hewani, na mazungumzo yetu yakawa yanakatizwa na watu wanaomsalimia. Ni kijana mpole. Alisema kule kuna baridi, kuna nidhamu, watu wanasali. Kwenye swali la kubishana alisema walibishana sana, hasa kuhusu mpira. Binti yangu akatabasamu. Kisha akauliza la kitabu.

Mtu akapita akamsalimia yule mwalimu, hakuitikia.

"Tulikuwa na madesa," akasema mwishowe. "Unajua madesa? Zile karatasi za kutoa kopi, mwaka huu anawaachia wa mwaka kesho. Tulisoma madesa, tukajibu madesa. Kitabu kizima..." Akawaza tena. "Ningekuwa na mtu wa kuniuliza hivyo wakati ule." Halafu akajirudi, akavaa sauti ya ualimu, akasema binti wa maswali namna hii apelekwe sheria, atakuwa wakili mzuri. Tulimshukuru kwa moyo. Kati ya wote tuliowauliza, huyo ndiye aliyeniumiza, kwa kuwa hakudanganya.

Tukiwa tunasubiri usafiri wa kurudi, binti yangu akasema, "Mama, bibi yenu si alikuwaga anamalizia na mwanamke aliyerudi kwao?"

"Ndiyo."

"Sisi wetu yuko Butiama."

Nilimwambia hapana. Nilisema mjomba wake anaumwa moyo wa ndani, si mtu wa kuchokozwa, na kwamba chuo kile hata hakimo katika hesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya zamani, sauti ya Jumatatu, "Kuna mtu amewahi kumuuliza?"

Nikapekua kumbukumbu yangu yote. Baba hakumuuliza, alimwangalia. Mama alilia. Kaka mkubwa aliomba. Majirani walijua tayari. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa chuo cha ualimu, na kwetu mdogo hamuulizi mkubwa wake habari za aibu yake. Hakuna aliyemuuliza. Tulipanda gari la Butiama.

Alikuwa juu ya jabali nyuma ya nyumba, amevua viatu, anatandaza udaga wa muhogo juani. Ulikuwa umetoka kuvundikwa, unanuka vile unavyonukaga, na alikuwa anaupasua kwa vidole vipande vidogo vidogo ili ukauke upesi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vueni viatu, mtakanyaga chakula."

Tukavua. Binti akachuchumaa akaanza kumsaidia kutandaza. Mimi, mwalimu mzima ninayesemesha watoto siku nzima, nilimwachia binti aanze.

"Mjomba, tumekuja kukuuliza habari za chuo chako."

Mikono yake haikusimama. "Nani kakutuma?"

"Bibi yenu."

Hapo akasimama. Akanitazama mimi, nami nikatazama udaga. Alikuwa anaijua kazi ya bibi kuliko mimi, maana utotoni ndiye aliyekuwa anamsindikiza. Nilimwona anaunganisha, na nikatamani jabali linimeze.

"Kwa hiyo mimi ndiye mwanamke aliyeachika," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

Kaka yangu alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu nikiwa msichana, na nilishtuka kukuta bado ni kilekile, cha puani. Akakaa chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Hakuna mahali niliwahi kupapenda kama pale," akasema.

Sikumwelewa. Nilidhani amesahau swali.

"Mlinituma uhasibu, nikaenda uhasibu. Siku moja natafuta chumba cha somo la gharama, nikakosea mlango. Nikakuta mwalimu mmoja mfupi, ameshika chaki lakini haandiki, anawauliza wanafunzi: unajuaje kwamba unajua? Nikasema ngoja nisikie jibu halafu nitoke. Jibu halikuja. Kipindi kikaisha. Kesho yake nikarudi kufuata jibu."

"Akalitoa?" binti akauliza.

"Alileta swali lingine." Akatabasamu mwenyewe. "Basi nikawa naendaga kila wiki. Nikawa nashinda maktaba nasoma vitabu vyao, nabishana nao mpaka kantini. Somo la gharama nikawa nalikwepaga. Mitihani ilipokuja nikafeli ile niliyotumwa. Ile niliyokuwa naisoma sikuruhusiwa kuifanya, jina langu halikuwepo kwao. Wakanirudisha nyumbani. Walifuata sheria yao, sina la kuwalaumu."

"Hilo somo linaitwaje?"

"Falsafa."

Binti yangu alilirudia neno lile polepole, kama mtu anayeambiwa jina la ndugu aliyekuwa anamwona tu njiani bila kumjua. Alikuwa ameacha kutandaza. Nilimwona usoni, na nilijua kwamba amerudi. Nililia palepale, sikujificha.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na mimi ndiye niliyeliuliza. Nikasema, "Kaka, na kurogwa?"

"Nilifika hapa, baba akaniangalia akasema huyu wamemroga. Nikamwona mzee alivyochoka. Dume lilichinjwa kwa ajili yangu. Nikaona kurogwa ni rahisi kuliko kufeli. Aliyerogwa mnamhurumiaga. Nikanyamaza. Nilidhani nitanyamaza wiki moja."

Tulijua sote kilichofuata, isipokuwa binti. Ukisema mtu amerogwa, lazima pawe na aliyeroga. Wazee walimchagua mama mmoja mzee, jirani yetu, mjane, ambaye mtoto wake mwenyewe alikosa shule mwaka ule kaka alipochaguliwa. Hakupigwa, namshukuru Mungu. Alinyimwa salamu. Hakuna wa kwetu aliyempa moto, wala kunywa maji yake, wala kwenda kwake akifiwa, hadi akafa. Na mimi nilikuwa napita mbele ya mlango wake nimegeuza uso, kama wote.

"Mimi nilikuwa namsalimia," kaka yangu akasema. "Nilikuwa napitaga nyuma ya nyumba yake, watu wasinione. Alikuwa ananiambia, mwanangu, waambie. Sikuwaambia. Alivyokufa nikaona sasa nitasemea nini."

Tulimalizia kuutandaza ule udaga sote watatu, na jua lilikuwa kali.

Tulipofika nyumbani tulituma maombi. Tuliweka chuo kile juu ya vingine vyote, na somo lile. Sikumwambia kaka mkubwa. Majibu yalipotoka binti alikuwa amepokelewa, na sasa kilichobaki ni baraka. Najua wapo watakaosema mtu akishapata chuo apande gari aende. Kwetu mtoto haendi mbali bila wakubwa kumtemea mate ya baraka na kumwombea. Asipofanyiwa hivyo, hata akifaulu, kila homa ndogo itakayompata huko watu watasema ni kwa kukosa baraka. Binti mwenyewe alisema hataki kwenda kama mtu anayetoroka.

Kikao kilikaa Bunda, sebuleni kwa kaka mkubwa. Walikuwepo yeye na mkewe, baba zetu wadogo wawili, na sisi. Nilitaja chuo. Nikataja somo.

"Falsafa," kaka mkubwa akasema. "Hiyo ndiyo kazi gani? Inafanyikiaga wapi hapa Bunda?"

Nilianza kueleza, nikashindwa, kwa sababu na mimi nilikuwa sijui. Lakini hilo la kazi lilikuwa la juu juu tu. Aliegemea kiti, na sauti yake ikashuka, na nikaona kwamba hana hasira, anaogopa. "Dada, hiyo chuo ilikula ndugu yetu. Unampeleka na mtoto? Mtoto mwenyewe mmoja uliye naye? Hapana. Mimi kwenye hiyo siweki mkono. Afadhali mnione mbaya."

Kaka yangu wa pili alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na kuja kwake tu kuliwashangaza, kwani alikuwa haji vikaoni. Akasimama. Kwetu msemaji hasimami kwenye kikao cha ndani. Anayesimama ni mshtakiwa.

"Sikurogwa," akasema. "Nilifeli."

Akaeleza yote, kwa maneno machache kuliko aliyotupa sisi. Mlango aliokosea, mwalimu, mitihani. Hakujitetea. Alipomaliza, mke wa kaka mkubwa akauliza, taratibu sana, "Na yule mama?"

"Yule mama hakufanya kitu. Hakuwahi kufanya kitu."

Wifi yangu alijifunika uso kwa kitenge. Yeye ndiye aliyewahi kukataa chumvi ya yule mama mbele ya watu. Baba mdogo mmoja aliguna.

"Ulituacha tukamchukia mtu," kaka mkubwa akasema.

"Niliwaacha."

"Mpaka akafa."

"Mpaka akafa. Na mimi ndio nimekaa nayo."

Nilidhani kaka mkubwa atamfukuza. Ana haki, na ni mkali. Alikaa ameinamisha kichwa, na alipokiinua alikuwa mzee kuliko alivyoingia. Alisema yeye na ndugu yake watakwenda Butiama kwa watoto wa yule mama, na watajua huko watasema nini. Kisha akamgeukia binti yangu.

"Na wewe umesikia. Mjomba wako akili zake zilikuwa zinatosha watu wanne, na hicho ndicho kilimpata. Bado unataka kwenda huko?"

Binti yangu hakuandika wanachotaka. Alisema, "Nataka, mjomba. Yeye darasa lile halikuwa lake. Mimi nimeandikishwa."

"Basi sina cha kukataza," kaka mkubwa akasema. "Nilichokuwa nakataza kumbe hakikuwepo." Akanyanyuka kumwombea.

Kabla maombi hayajaanza kaka yangu wa pili alikuwa ametoka. Nilimfuata. Alikuwa kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, ananawa uso, ananawa tena, maji yanamwagikia lile shati la pasi. Nilitaka kumwambia asante, na pole, na kwamba na mimi nilikuwa napita mlangoni kwa yule mama nimegeuza uso.

"Kule mimi nilikuwaga nakaa nyuma kabisa," akasema, bila kugeuka. "Kwenye lile darasa. Mlangoni, ili wakiita majina nitoke kabla hawajajua kwamba langu halimo. Kuna vitu mwalimu alikuwa anasema kwa sauti ndogo, sikuvisikia. Mpaka leo sivijui." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mwambie mtoto akae mbele."

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

Akasimama pale kidogo, maji yanamdondoka kidevuni. Kisha akarudi ndani, akamwambia.